JE, MWENYE NJAA ANAWEZA KUCHAGUA KWA UHURU?

Mezali ya wazee yasema: mwenye njaa hana miiko. Wakati wa kuchagua wakubwa wa inchi, wengi huishika mezali hiyo kama kisingizio. Bei ya unga imepanda, mshahara haukuja, feza ya masomo ya watoto haijalipwa. Hapo anafika mtu mwenye gari na kipaza sauti, anagawa chumvi, vitenge na mashati yenye picha yake. Halafu watu husema: «Msitulaumu. Tumbo ndilo lililopiga kura.» Je, neno hili ni kweli? Tulipime vizuri, maana ni neno la zamiri.

Tuangalie kwanza inchi moja ya Ulaya, tusizani kwamba jaribu hili ni letu peke yetu. Katika Ujerumani, mwaka 1928, chama cha Hitler kilipata kura 2,6 kwa mia tu. Mwaka 1929 soko la feza la New York likaanguka. Wamarekani wakadai feza walizokuwa wamewakopesha Wajerumani, viwanda vikafunga milango, na mwanzoni mwa mwaka 1932 watu karibu milioni 6 hawakuwa na kazi. Kura za Hitler zikapanda: 18,3 kwa mia mwaka 1930, na 37,3 mwezi wa Julai 1932.

Mtu atasema: «Unaona? Njaa ilichagua.» Polepole, ndugu! Wenye elimu waliochunguza kura zile waliona jambo la ajabu. Wengi wa wale wasio na kazi hawakumfuata Hitler; wengi wao walichagua Wakomunisti. Waliomfuata zaidi walikuwa wenye maduka madogo, mafundi wenye kazi yao wenyewe, na wakulima wenye mashamba yao: watu waliokuwa bado na kitu, nao waliogopa kukipoteza. Kumbe, mara nyingi si tumbo tupu linalopiga kura. Ni hofu.

Na hofu ile ilipata mwalimu. Mwezi wa Aprili 1932 Hitler alipanda ndege, akaruka toka mji hata mji, akihutubia makutano katika miji mingi siku moja. Chama chake kiliahidi kazi na mkate. Namna ya kuleta mkate haikuelezwa sana. Lakini wa kuchukiwa walitajwa kila siku, na kati yao Wayahudi. Tunajua mwisho wake: vita ya 1939 mpaka 1945, na Wayahudi karibu milioni 6 waliouawa.

Tena, Marekani ilipata shida ile ile. Mwezi wa Novemba 1932 raia wake walimwondoa Hoover, wakamchagua Roosevelt. Mwaka 1936 wakapiga kura tena kwa uhuru. Basi tunajifunza nini? Shida huwasukuma watu kuwakataa wanaotawala. Hilo si baya. Ni haki ya raia kumwuliza mtawala hesabu ya kazi yake. Lakini shida haiwaambii wamfuate nani. Hapo ndipo maneno ya kampeni huingia, na hapo ndipo zamiri inapaswa kukesha.

Wakatoliki wa Ujerumani walikuwa na njaa sawa na jirani zao. Walakini chama chao, Zentrum, kilikaa karibu na 12 kwa mia, mwaka 1928, 1930 na 1932. Walikuwa na parokia zao, magazeti yao, mashirika yao, na maaskofu wengi waliowaonya. Mwenye njaa hakuachwa peke yake na kipaza sauti. Lakini tusijisifu. Mwezi wa Machi 1933 wajumbe wa chama hicho walikubali sheria iliyompa Hitler mamlaka ya kutunga sheria bila bunge. Mwezi wa Julai chama chenyewe hakikuwako tena. Walioshinda jaribu la njaa walishindwa na vitisho na ahadi.

Sasa turudi kwetu Kongo, ambako tumechagua mwaka 2006, 2011, 2018 na 2023. Je, maskini aliyeuza kura yake ana zambi? Kanisa linafundisha kwamba hofu na lazima hupunguza hatia ya mtu. Halisemi kwamba huiondoa sikuzote. Hatia nzito ni ya yule anayenunua, maana anafanya kilio cha maskini kuwa biashara. Na aliyekwisha kupokea chumvi, je, amefungwa? Hapana. Ahadi ya kutenda ubaya haifungi zamiri ya mtu, na kitenge hakina macho ndani ya chumba cha kura. Lakini ni bora kukataa, maana watoto wanatutazama. Chumvi inaisha kwa juma moja. Mamlaka yanadumu miaka 5.

Anayekuomba kura, umwulize maneno matatu. Atafanya ahadi yake kwa njia gani, na kwa feza gani? Anatufundisha kumchukia nani? Alitusaidia namna gani wakati hapakuwa na uchaguzi? Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika hati Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ulitukumbusha kwamba kupiga kura kwa uhuru ni haki, na tena ni wajibu, kwa faida ya watu wote.

Lakini maneno matatu hayatoshi kwa mtu ambaye watoto wake wamelala bila kula. Kampeni hupata nguvu mahali ambapo jirani hakufika. Kama jumuiya yetu inajua nyumba ya mjane, na kumpelekea unga mwezi ambao hakuna mgombea anayepita, mfuko wa chumvi hautamtikisa. Basi, asiyemsaidia jirani yake siku za njaa, asimlaumu siku ya kura.