Kigoda cha Mwenye Nyumba

Wafipa wana kisa cha kale ambacho mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyekaa nao katika miaka ya 1960, alikiweka katika kitabu chake A State in the Making cha mwaka 1981. Ntatakwa, mtawala wa Milansi, alikwenda kuwinda akamwacha mkewe nyumbani. Nyuma yake wakaja wanawake wageni, watu wa ukoo wa Watwa. Mke akawapokea, na katika mapokezi hayo kigoda cha enzi kikakaliwa na asiye mwenyewe. Ntatakwa aliporejea alikuta utawala wa nchi umekwisha kuhama. Milansi ilibaki mikononi mwake pamoja na heshima ya mila, lakini nchi wakaitawala Watwa, na baadaye katika ukoo wao zikatokea dola mbili, Nkansi na Lyangalile. Enzi ilipotea kwa kiti kilichotolewa wakati wa kukaribisha.

Jina la Nkansi limesalia katika Wilaya ya Nkasi, ambayo makao yake makuu ni Namanyere, mji ulio katika njia ya kutoka Sumbawanga kwenda Mpanda. Na afikiriwe kijana mmoja wa mji kama huo, mwangalizi wa kibanda cha kuchapa barua na kutoa nakala. Mchana kompyuta ya kibanda hubeba mambo mazito ya watu: barua za kuomba kazi, nakala za vyeti vya kuzaliwa, alama za mitihani ya darasa zima, hati za mauziano ya mashamba, hesabu za mahindi ya kikundi cha wakulima. Jioni, wateja wakiisha, kijana huchomeka flashi aliyoazimwa na rafiki, ambayo ndani yake umo mchezo wa mpira wa miguu. Anabofya mara mbili. Kioo kinafifia, vyote vilivyokuwapo vinaingia kizani, na katikati linabaki swali moja lililoandikwa kwa Kiingereza: je, anairuhusu programu hii ifanye mabadiliko katika kompyuta yake? Chini ya swali yapo majibu mawili, ndiyo na hapana. Naye, kwa hamu ya mchezo, anajibu ndiyo kabla hajamaliza kulisoma.

Je, ndiyo ile ni ruhusa? Na ikiwa ni ruhusa, ni ruhusa ya nani?

Watu wa pwani wana elimu ya zamani katika jambo hili. Sura ya An-Nur inawafunza waumini wasiingie nyumba zisizo zao mpaka waombe idhini na kuwasalimu wenyewe, na wakiambiwa warudi, basi warudi. Adabu ya hodi imesimama juu ya mafunzo hayo, na hata nyumba za mawe za Lamu zilijengwa zikiijua adabu hiyo. Nje kuna baraza na daka, anapoketi mpita njia. Kisha tekani, kisha kiwanda kilicho wazi juu, kisha misana, na mwisho kabisa ndani. Neno karibu lina ngazi zake. Muuza samaki hukaribishwa na shemeji hukaribishwa, lakini hawakaribishwi mahali pamoja, wala aliyeitikiwa barazani hakupewa ufunguo wa kasha.

Kompyuta yenye Windows nayo ina daka lake na ndani yake. Mwenye akaunti ya kawaida huandika na kufuta katika mafaili yake mwenyewe. Folda iitwayo Program Files ni kama msana wa nyumba: kila mkaazi hutumia vilivyomo, lakini hawezi kuvibadilisha pasi na mamlaka ya msimamizi. Ngazi hizo hazikutumiwa na wengi tangu mwanzo. Katika Windows XP ya mwaka 2001, akaunti iliyofunguliwa wakati wa kuisimika kompyuta ya nyumbani ilipewa mamlaka ya msimamizi, na watu wengi waliitumia hiyo hiyo kwa barua, kwa muziki na kwa michezo. Ikawa nyumba isiyo na ndani. Chochote kilichoingia kwa mkono wa mwenyewe kiliingia na mamlaka yake yote.

Windows Vista, iliyofika madukani mwaka 2007, ndiyo iliyoleta swali lile la kizani. Tangu hapo, hata mwenye cheo cha msimamizi hufanya kazi zake kwa mamlaka madogo, mpaka aulizwe na akubali. Kioo hufifia ili programu nyingine isipate nafasi ya kulijibu swali kwa niaba yake. Waliolitunga walitaka liwe hodi ya kweli, ijibiwe na mtu mwenyewe.

Hata hivyo michezo mingi ilikuwa imeandikwa katika zama za nyumba isiyo na ndani. Ilizoea kuweka kumbukumbu zake, yaani mabao, hatua na mipangilio, ndani ya folda ile ile iliyosakinishwa. Ilipowekwa katika Program Files ikakatazwa kuandika. Vista ikatafuta suluhu ya ajabu: mchezo wa kale ulipotaka kuandika pale, mfumo uliyapeleka maandishi mahali pengine, katika folda iitwayo VirtualStore, na kuuacha mchezo udhani umeandika ulipotaka. Ni uongo wa kuepusha shari, na kama ulivyo uongo mwingi wa aina hiyo, ulizaa mkanganyiko wake: mchezaji mmoja aliziona kumbukumbu, na mwenziwe mwenye akaunti nyingine katika kompyuta ile ile hakuziona.

Wachezaji wakapata dawa mbili. Ya kwanza ni kuuendesha mchezo kwa mamlaka ya msimamizi kila unapofunguliwa. Ya pili ni kuchagua folda nyingine wakati wa kusakinisha, kwa mfano folda ya michezo iliyo juu kabisa katika diski C. Kwa mwenye haraka dawa hizi ni sawa, kwa kuwa zote mbili humfikisha uwanjani. Kimaadili zimetengana sana. Ile ya kwanza huutoa ufunguo wa nyumba nzima, kila jioni, kwa sababu ya mgeni aliyekosa mahali pa kuweka daftari lake. Ile ya pili humjengea mgeni kibanda uani, akaandika apendavyo bila ya kushika mamlaka ya mtu. Lakini kibanda cha uani hakina kufuli. Programu yoyote mbaya, hata yenye uwezo wa kawaida tu, yaweza kuingia humo na kuubadilisha mchezo. Na siku mwenyewe atakapoufungua kwa mamlaka ya msimamizi, kilichobadilishwa kitaingia pamoja naye. Kwa hiyo dawa ya pili ni njema kwa yule tu asiyeichanganya na ya kwanza.

Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliandika kanuni kwamba kila programu na kila mtumiaji afanye kazi kwa uwezo mdogo kabisa unaotosha kuikamilisha kazi hiyo. Waliiandika kwa ajili ya mashine, lakini kadhi na mtunza hazina waweza kuisoma wakaitambua. Uwezo ulioazimwa kwa shughuli moja humalizika pamoja na shughuli hiyo.

Na mwaka 1988 Norm Hardy alieleza yanayotokea kanuni hiyo isipofuatwa. Palikuwa na programu ya kufasiri maandishi ya FORTRAN yawe lugha ya mashine, iliyohifadhiwa katika folda moja ya mfumo. Ilipewa idhini ya kuandika katika folda hiyo ili iweke takwimu za matumizi yake. Humo humo mlikuwa na faili la hesabu za madai ya wateja. Mtumiaji mmoja, ambaye yeye binafsi hakuwa na ruhusa ya kuligusa faili hilo, aliitajia programu jina la faili lile kuwa ndipo pa kuandika matokeo yake. Programu ikatii, mfumo ukaona kwamba programu ina idhini, na hesabu zikafutika. Hardy akaiita naibu aliyechanganyikiwa: mtumishi anayetumia mamlaka ya bwana mmoja kutimiza agizo la bwana mwingine, bila ya kujua kwamba amefanya hivyo.

Wakubwa nao hawakusalimika na majaribu ya kigoda. Mwaka 2005 iligunduliwa kuwa sidii za muziki za kampuni ya Sony BMG zilisakinisha katika kompyuta za wanunuzi programu iliyojificha ndani ya mfumo ili kuzuia kunakili. Mnunuzi alidhani amekaribisha wimbo. Tangu mwaka 2020 mchezo wa Valorant huja na mlinzi wake, Vanguard, anayekaa katika kiini cha mfumo na kuanza kazi kompyuta inapowashwa, kwa hoja kwamba bila hivyo wadanganyifu hawakamatiki. Huenda hoja hiyo ni ya haki. Lakini mwezi Julai 2024 dunia iliona gharama ya kiti hicho cha ndani hata kinapokaliwa na mlinzi asiye na nia mbaya: sasisho lenye kasoro la kampuni ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5, kwa hesabu ya Microsoft yenyewe, na ndege zikakwama viwanjani.

Yupo atakayemtetea kijana wa Namanyere, na utetezi wake una uzito. Swali ameulizwa kwa lugha ya kigeni. Halikumwambia ni mabadiliko gani yatakayofanywa. Vipo visakinishi vinavyodai mamlaka yote hata pale visipoyahitaji, na anayekataa hunyimwa mchezo wote. Akiulizwa hivyo mara kumi kwa siku, mtu hujifunza kujibu bila ya kusoma. Hodi inayopigwa kwa lugha asiyoijua mwenyeji, na isiyotaja mgeni anataka kufika wapi, haikutimiza sharti lake. Sehemu ya lawama ni ya waundaji, na haifai kumtwika yote aliye chini kabisa.

Utetezi huo ungetosha lau kompyuta ingekuwa yake na vilivyomo vingekuwa vyake. Lakini kizani mle, swali lilipoulizwa, walikosekana watu wengi: mwalimu mwenye alama za darasa, mama aliyeacha nakala ya cheti cha mwanawe, wakulima wenye hesabu za mahindi. Swali liliitaja kompyuta kuwa yake, naye akaitika kama mwenye nyumba, ilhali yeye ni mlinzi wa amana. Katika fikihi aliyewekewa amana halipi kilichopotea pasi na kosa lake, lakini hulipa akizembea au akivuka mpaka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 nayo inamtaka mwenye kushika taarifa za watu azilinde. Ndiyo ya kijana ilikuwa halali kwa furaha yake ya jioni. Kwa karatasi za wengine hakuwa na ndiyo ya kutoa.

Kinachotakiwa hakigharimu shilingi. Kompyuta moja huweza kuwa na akaunti mbili na zaidi. Mwenye kibanda ashike ya msimamizi na neno lake la siri, wala asiitumie kwa kazi za kila siku, kwani hata mwenye nyumba akiketi barazani siku nzima hapungukiwi heshima. Hati za wateja zikae katika akaunti ya kazi. Mchezo, baada ya kujulikana ulikotoka, upewe akaunti yake ya kawaida na folda ambayo mchezaji ataandika bila ya kuomba mamlaka ya mtu. Kwa kawaida akaunti hiyo haitaweza hata kuzisoma hati za ile nyingine.

Mke wa Ntatakwa hakukosea kuwapokea wageni, kwani nyumba isiyopokea mgeni ina aibu yake. Kosa liliingia pale kiti kimoja kilipogeuka kuwa karibu yote. Kijana wa Namanyere anaweza kuwa na vigoda viwili, na mgeni wake wa jioni anataka kucheza mpira tu. Ampe kile cha barazani. Asubuhi mwalimu atakuja na flashi yake kuulizia alama za darasa, naye atazikuta zote kama alivyoziacha.