Deni la Mgeni wa Jangwani

Wahenga wetu walimpa mgeni siku mbili za raha, na ya tatu wakamkabidhi jembe. Mabedui wa Bara Arabu wao walimzidishia: siku tatu kamili hula na kulala, na kwa ada yao haikuwa adabu kumhoji shida iliyomleta. Tofauti hii aghalabu hutokana na ardhi. Palipo na udongo, mgeni aweza kuombwa kulima. Mchangani hapana cha kulimwa, na anayefukuzwa hemani hana pa kwenda. Jangwani, basi, ukarimu ulikuwa sharti la uhai kabla haujawa sifa ya mtu.

Leo ukarimu huo una bei. Katika mchanga wa Sharqiya huko Oman, ambao wengi wangali wakiuita kwa jina la kabila la Wahiba, msafiri huingia kwa upande wa Bidiya, akapanda ngamia alasiri, akalala hemani usiku mmoja, na asubuhi akalipa akaenda zake. Ngamia hupigishwa magoti, mgeni akapanda, na mnyama huinuka kwa miguu ya nyuma kwanza, hata asiyezoea akainama mbele kama anayesujudu bila kukusudia. Akitembea, miguu miwili ya ubavu mmoja huenda pamoja, kisha ya ubavu wa pili, na mpandaji huyumba kama aliye mashuani. Jua likizama moto huwashwa, dele la kahawa likawekwa penye makaa, tende zikaletwa. Yote ni kama ya zamani, ila risiti. Je, ukarimu ulionunuliwa ni ukarimu? Na aliyelipa angali mgeni, au amekuwa mteja tu?

Wapo wasemao kwamba fedha ikiingia, ukarimu hutoka. Hoja yao ina nguvu. Mwingereza Wilfred Thesiger, aliyelivuka jangwa la Rub' al-Khali pamoja na Mabedui mwishoni mwa mwaka 1946, ameeleza katika kitabu chake Arabian Sands, kilichotoka mwaka 1959, jinsi walivyoshinda na njaa siku nyingi, hatimaye wakapata sungura. Nyama ilipokuwa tayari wakatokea Waarabu watatu. Wenzake wakawakaribisha, wakawatengea nyama na mkate, na kuwahakikishia kuwa siku hiyo ilikuwa ya baraka. Wao wenyewe wakaambulia tende kidogo. Thesiger hakuficha kwamba moyoni mwake aliwaka ghadhabu. Nani ataweza kulitia bei tendo kama hilo?

Hata hivyo, zama hizo hazikuwa bila ya fedha. Mabedui hao hao walipokea ujira kwa kumsindikiza Thesiger. Tena ilikuwapo ada ya rabia: msafiri aliyepita katika nchi ya kabila jingine alihitaji mwenzi wa kabila lile, na damu na mali ya msafiri vikawa usoni pa mwenzi huyo. Ikilazimu, alipaswa kumkinga hata dhidi ya ndugu zake mwenyewe. Ujira aliweza kupewa, lakini ni ujira gani ulingane na kusimama mbele ya ndugu yako kwa ajili ya mtu baki? Fedha ililipia safari. Uso ulibaki kuwa amana.

Hapo ndipo ninapoliona jibu. Katika usiku mmoja wa hemani yamo mambo mawili. Hema, chakula na ngamia vina bei, na ni haki vilipwe, kwani mwenyeji naye ana watoto. Lakini ngamia aweza kupoteza zaidi ya robo ya uzito wake kwa kukosa maji na asife, kisha akafika kisimani akanywa lita 100 kwa muda mfupi; binadamu hafiki hata nusu ya hapo. Aliye juu ya ngamia, asiyejua kisima kilipo wala njia ya kurudia, ameukabidhi uhai wake kwa mnyama na kwa mtu aliyekutana naye jana. Amana hii haimo katika risiti, na kwa hiyo deni lake halilipiki kwa fedha. Mgeni hulipunguza kwa heshima: amhurumie mnyama, aombe ruhusa kabla ya kupiga picha, na asimfanye mwenyeji kuwa pambo la safari yake. Akidhani kwamba amekwisha kulipa kila kitu, hapo amejiuzulu ugeni.

Mwenyeji naye ana mtihani wake. Ukarimu wake haupimwi kwa aliyelipa. Unapimwa siku atakapotokea mwenye kiu asiye na kitu.

Sisi wa visiwani tusilitazame jambo hili kwa mbali. Sharqiya ndiko walikotoka wengi wa wazee waliofika Unguja kwa majahazi ya kaskazi, na leo sisi pia twauza malazi, ngoma na machweo ya jua. Sioni aibu katika biashara hiyo. Lakini neno "karibu" latutoka mara nyingi mno kwa siku mbele ya wenye fedha. Msafiri maskini akibisha hodi usiku, je, tutaweza kulitamka kwa sauti ile ile?