Chui wa Ukoo na Paka wa Jirani

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyekiumba kila kitambaacho na kila kitembeacho, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake wote. Ama baada ya hayo, enyi ndugu zetu Waislamu:

Katika darasa yetu ya baina ya magharibi na isha, kijana mmoja mwenye duka la vinyago hapa mjini alitoa mfukoni chui mdogo wa jiwe, aliyetiwa madoa mwili mzima. Jiwe lenyewe ni lile laini lichimbwalo Tabaka, katika Mugirango ya Kusini, nchi ya Kisii, ambalo vinyago vyake mwaviona kila siku katika maduka ya Mombasa. Kijana akasema, "Sheikh wangu, fundi aliyeniuzia kitu hiki alinambia kuwa chui ndiye alama ya ukoo wao tangu enzi za mababu. Je, nimeingiza ushirikina dukani mwangu?" Kabla hajajibiwa, baadhi ya waliohudhuria wakacheka, na mmoja akasema, "Watu wa bara hao! Wanyama ndio miungu yao."

Kicheko kile hakikutupendeza. Ama hukumu ya sanamu za viumbe wenye roho, wanazuoni wamekwisha kuieleza mara nyingi, wala hatutairudia leo. Tutakalo kulieleza ni lile lililojificha ndani ya swali la kijana na ndani ya kicheko cha wenziwe: Je, chui huyu, na simba, na paka alalaye jikoni mwetu, ni nini kwetu sisi tumwaminio Mungu Mmoja? Na je, sisi tunaocheka tumesalimika?

Jambo la kwanza. Mwenyezi Mungu ametufunza katika Sura ya Al-Jathiya, aya ya 4, kuwa katika kuumbwa kwetu na katika wanyama aliowatawanya zimo ishara kwa watu wenye yakini. Na katika Sura ya Al-An'am, aya ya 38, ametujulisha kuwa wanyama na ndege ni umma kama sisi tulivyo umma. Basi chui ni ishara. Lakini ishara ni kama mnara wa bandarini: nahodha huutazama ili ajue njia ya kuingia, wala hausujudii mnara. Mwenye kumtazama chui akasema, "Ametukuka aliyemuumba huyu," ameisoma ishara. Na mwenye kumtazama chui akaishia kwa chui, akamwomba au akamwogopa kama amwogopavyo Mola wake, huyo ameona maandishi asijue kuyasoma.

Nayo Qur'ani yenyewe imempigia mfano mnyama mkali. Katika Sura ya Al-Muddaththir, aya ya 50 na ya 51, wale wanaoyapa mgongo mawaidha wamefananishwa na punda waliotimuliwa wakimkimbia "qaswara", na wafasiri wengi wamesema huyo ni simba. Hapana ubaya basi kuchukua mfano kwa mnyama. Hamza, ami yake Mtume, aliitwa Simba wa Mungu. Na sisi twawaita watoto wetu Asad, na Haidar, na Usama, na Abbas, na majina yote hayo kwa Kiarabu ni ya simba. Yuko nani kati yetu adhaniaye kuwa mwanawe Haidar amezaliwa na simba, au kwamba simba atamlinda?

Sasa na tuwatazame wenzetu kwa jicho hilo hilo la insafu. Abagusii, ambao ndio Wakisii, wakaao Kisii na Nyamira, ni koo nyingi, na koo kubwa zina wanyama wao. Abagirango, walioko Nyamira na Kisii pia, mnyama wao ni chui, na kwa lugha yao huitwa engo. Abanchari mnyama wao ni kiboko, na Ababasi ni punda milia. Kwa alama hiyo mtu alimjua nduguye, na kwa kumjua ukoo wake alijua nani ni halali ya kumwoa na nani ni damu yake. Na juu ya koo zote walimjua Muumba, wakimwita Engoro. Leo wengi wao ni Wakristo, maana misheni za Nyabururu na Nyanchwa zimo nchini mwao tangu mwanzo wa miaka ya 1910. Milima yao imejaa chai na ndizi na nyumba za watu, na ni wachache waliopata kumwona chui kwa macho yao. Chui amebaki kuwa jina.

Na jina la kujuana si haramu. Mwenyezi Mungu amesema katika Sura ya Al-Hujurat, aya ya 13, kuwa ametujaalia mataifa na makabila ili tujuane. Alama ya ukoo ikisimama hapo, imesimama mahali pake. Ikivuka hapo, mtu akaamini kuwa mnyama huyo huleta kheri na kuzuia shari, hapo ndipo panapoingia ushirikina. Na mlango huo ni mmoja kwa watu wa bara na kwa watu wa pwani.

Jambo la pili. Tazameni, ndugu zangu, ni wangapi miongoni mwetu waliouvuka mlango huo huku wakiwacheka walio nje! Mtoto amefungwa ukucha wa simba shingoni ili asiingiliwe na kijicho. Baba yake anasali safu ya mbele. Mama amenunua kwa mganga chupa iliyoambiwa ni mafuta ya simba, ili mume asitazame kando. Mfanya biashara ameficha kipande cha ngozi ya chui ndani ya sanduku la fedha ili wateja wavutike. Watu hawa wakimwona Mgusii akisema, "Sisi ni watu wa chui," humwita mshirikina! Fundi wa Tabaka alitaja jina la ukoo wake tu. Sisi twamfunga simba shingoni tukamtegemea. Ni nani kati ya hawa wawili anayestahiki kuchekwa?

Mtume wetu (S.A.W.) ameeleza, kama alivyopokea Imamu Ahmad, kuwa mwenye kutungika hirizi ya namna hii amefanya shirki. Na katika Sunan ya Abu Daud mna hadithi za kukataza kupanda juu ya ngozi za chui na kutumia ngozi za wanyama wakali. Neno la Kiarabu lililotumiwa humo ni la chui, ambaye yumo katika nchi ya Waarabu. Na hata leo wachache wamesalia katika Jabal Samhan, upande wa Dhofari katika Omani. Baadhi ya watu hudhani hadithi hizo zasema juu ya simbamarara, yule mwenye milia wa Bara Hindi, na kwa kuwa hayuko kwetu hudhani hazituhusu. Zatuhusu. Tena sheria ya Kenya imekataza uwindaji tangu 1977, na mwenye kuuza ukucha huo amemwasi Mola wake na ameivunja amri ya nchi kwa tendo moja.

Jambo la tatu, nalo ndilo kubwa, ni habari ya paka. Nitawasimulia lililonipata mimi mwenyewe, wala si la kujisifu.

Mwaka mmoja nilikwenda Nyamira kumzuru jamaa yangu afanyaye biashara huko. Jirani yake alikuwa bibi mzee mjane, Mgusii, akaaye peke yake na paka mmoja mweusi. Siku chache kabla ya kufika kwangu alikuwa amefariki mtoto katika mtaa ule, na maneno yakaanza: paka yule huonekana usiku penye madirisha ya watu, paka yule hutumwa. Wenyeji walinong'ona. Lakini wa kwanza kufunga mlango wake hakuwa Mgusii. Alikuwa mke wa jamaa yangu, mtu wa pwani kama sisi, aliyewakataza watoto wake wasipokee hata ndizi kwa yule bibi.

Alfajiri ya pili nilikaa uani natawadha. Paka yule akaja, akanyoosha shingo kwenye chombo changu apate kunywa. Nami nikamrushia kata ya maji, akakimbia. Nilipoinua macho nikamwona bibi amesimama penye ua. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Mwanangu, na wewe pia?"

Wallahi sikupata la kumjibu. Mimi niliyewasomesha watoto mlango wa tohara mara ngapi! Mimi niliyewasimulia kisa cha Abu Qatada, sahaba wa Mtume, jinsi mke wa mwanawe alivyommiminia maji ya kutawadhia, akaja paka, naye akamwinamishia chombo mpaka akanywa. Mwanamke alipostaajabu, alimjulisha kuwa Mtume (S.A.W.) amesema paka si najisi, bali ni katika hao wanaotuzungukazunguka majumbani. Hadithi hiyo imo katika Muwatta ya Imamu Malik na kwa Abu Daud na Tirmidhi. Ilimi ilikuwa ulimini, na mkononi mlikuwa na kata ya maji ya kumfukuza paka.

Asubuhi ile nilimchukua jamaa yangu, tukaenda kwa bibi tukamwomba radhi. Akatupikia chai, tukainywa mlangoni pake, mahali ambapo kila apitaye njia alituona. Siku ya pili mke wa jamaa yangu akampelekea chakula kwa mkono wake. Sisemi kuwa maneno yalikoma. Lakini yalipungua sauti. Baadaye bibi alikwenda kukaa kwa binti yake, na paka akabaki kwa jamaa yangu, akilishwa na watoto wale wale waliokatazwa.

Labda mtasema, "Ni jambo dogo hili la paka." Si dogo. Mwezi wa Mei 2008, katika nchi hiyo ya Kisii, watu walikwenda usiku nyumba kwa nyumba wakawachoma moto watu 11, wengi wao wazee, kwa tuhuma ya uchawi. Mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani, wakauawa wanawake wazee wanne kwa tuhuma hiyo hiyo. Wala msiseme ni mambo ya Wakisii. Hapa kwetu, Kilifi na Kwale, ni wazee wangapi waliokatwa mapanga kwa sababu ya mvi zao, na nyuma ya tuhuma ukitazama wakuta ugomvi wa shamba? Kila moto wa namna hii huanza kwa cheche ndogo: paka aliyeonekana usiku, jicho la mzee kuwa jekundu, jirani aliyefunga mlango.

Nasi hatukanushi kuwa sihiri imetajwa katika Qur'ani. Lakini aya hiyo hiyo ya Sura ya Al-Baqara, ya 102, imetufunza kuwa wachawi hawawezi kumdhuru mtu ila kwa idhini ya Mungu. Na Sura ya Al-Hujurat, aya ya 12, imetuamrisha kujiepusha na dhana nyingi. Na Mtume (S.A.W.) amekanusha mikosi, na amekataza kuadhibu kwa moto, akieleza kuwa adhabu hiyo ni ya Mola peke yake. Basi aliyemchoma mzee kwa dhana amejitwalia hukumu isiyokuwa yake na adhabu isiyokuwa yake.

Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka: alimfungia, asimlishe, wala asimwache ajitafutie, mpaka akafa. Mzingatie, enyi wenye akili. Ikiwa mtu aliingia motoni kwa kumwua paka kwa njaa, atakuwa na hali gani mtu amwuaye binadamu kwa ajili ya paka?

Basi ndugu zangu, nawausia mambo matatu, na nafsi yangu kabla yenu. Fungueni shingo za watoto wenu leo hii, mtupe kucha na ngozi, na muwafunze Ayatul Kursiyyu na sura mbili za kujikinga. Msimcheke mtu kwa jina la ukoo wake. Mwelezeni kwa upole ni nani aliyemuumba chui. Na pakisikika mnong'ono juu ya mzee yeyote mtaani mwenu, awe Mwislamu au asiwe, nendeni mkakae mlangoni pake mchana, watu wakiona. Chai moja inyweni hapo. Huenda ikawa ndiyo itakayozima moto.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe haki kuwa ni haki na uturuzuku kuifuata, na utuonyeshe batili kuwa ni batili na uturuzuku kuiepuka. Walinde wazee wetu na wazee wa majirani zetu, na usitufanye kuwa miongoni mwa wajuao wasitende. Amin. Wabillahi tawfiq.