Mwenye Nguvu na Mwaminifu: Nani Humpima Anayeajiri?

Kwenye kambi za utafiti wa madini za Kanda ya Ziwa, kuanzia Geita hadi Kahama, habari ya kazi haikai siri. Zamu ikipungukiwa na msaidizi wa mchorongaji, kesho yake asubuhi getini wamesimama vijana: huyu ana cheti cha kidato cha nne ndani ya bahasha, yule ana barua ya mtendaji wa kijiji, mwingine ana namba ya simu ya mjomba anayefahamiana na mtu wa ofisini. Wote wanaitaka nafasi ya chini kabisa kwenye mtambo: kubeba na kuunga mabomba, kuchanganya tope la kuchorongea, kupaka grisi, kutoa sampuli za mwamba na kuzipanga kwenye makasha. Kiongozi wa zamu anahitaji mtu mmoja tu.

Uamuzi huo huchukua dakika chache, na mara nyingi huhesabiwa kuwa jambo la kiofisi. Hata hivyo umebeba swali ambalo dini na falsafa hazijaacha kulirudia. Mtu aliyeshika riziki mkononi, mbele ya wengi wanaoihitaji, ampe nani na kwa kipimo gani? Na akishachagua, yeye mwenyewe anadaiwa nini?

Kipimo mashuhuri cha kuajiri kilitokana na kisa cha kisimani. Sura ya Al-Qasas, ya 28 katika Kurani, inasimulia jinsi Musa alivyoingia Madyan akikimbia kutoka Misri, hana ndugu wala mali. Aliwakuta wachungaji wakinywesha mifugo yao, na pembeni wanawake wawili wakiizuia yao wasubiri wanaume waondoke, kwa sababu baba yao alikuwa mzee sana. Akawanyweshea, kisha akarudi kivulini bila kudai chochote. Baadaye mmoja wa mabinti hao alimshauri baba yake amwajiri mgeni yule, akitaja sifa mbili za mtu anayefaa kuajiriwa: nguvu na uaminifu. Kitabu cha Kutoka, sura ya 2, kina kisa hicho kwa sura nyingine. Huko mabinti ni saba, na Musa anawatetea mbele ya wachungaji waliowafukuza kisimani kabla ya kuwatekea maji.

Wafasiri wa Kurani, Ibn Kathir akiwamo, wamepokea simulizi kwamba baba alimuuliza binti yake amezijuaje sifa hizo. Nguvu aliijua kwa jiwe lililofunika kisima, ambalo kwa kawaida lilihitaji watu kumi kuliinua. Uaminifu aliujua njiani, pale Musa alipomwomba atembee nyuma yake ili macho yake yasimfuate. Ushahidi wake wote ulitokana na mambo aliyoyaona kwa macho yake.

Jambo jingine hupitwa haraka na wanaokisoma kisa hiki. Musa alikuwa ameua mtu Misri, na mzee wa Madyan alisikia habari zake zote kabla ya kumpa kazi. Kwa kipimo cha makaratasi, huyo asingepita getini. Kilichompitisha ni jinsi alivyowatendea watu wasio na uwezo wa kumlipa, saa ambayo hakujua kwamba anatazamwa. Anayetafuta msaidizi wa mtambo angejifunza mengi kwa kuangalia namna kijana anavyomsalimia mlinzi na anavyozungumza na mama anayepika kambini.

Nguvu yenyewe inahitaji kuelezwa vizuri. Bomba moja la kuchorongea la mita 3, la ukubwa wa kawaida unaoitwa NQ, lina uzito wa zaidi ya kilo 20. Shimo la mita 300 linahitaji mabomba 100. Biti ya almasi ikichakaa, mabomba yote hutolewa moja baada ya jingine na kurudishwa vilevile, usiku kwa mchana, jua au mvua. Ndiyo maana wengi wanaoajiri huangalia mabega kwanza.

Ibn Taymiyya, mwanachuoni wa Damascus aliyefariki mwaka 1328, aliizingatia aya hiyohiyo alipoandika juu ya kuwapa watu madaraka. Alieleza kwamba nguvu ya kila kazi hutokana na kazi yenyewe: ya vita ni moyo wa ushujaa na ujuzi wa mapigano, ya hukumu ni elimu ya haki na uwezo wa kuitekeleza. Kwa msaidizi wa mchorongaji, basi, nguvu ni kukaa macho saa tisa usiku wakati kompresa inanguruma. Ni kuuweka mkono mbali na bomba linalozunguka hata haraka inapozidi. Zaidi ya yote, ni uwezo wa kumpigia kelele opereta aliyemzidi umri na mshahara, asimamishe mtambo. Kijana mwenye misuli asiyethubutu kusema hapana ni hatari kwake mwenyewe na kwa wenzake.

Uaminifu nao una mahali pake maalumu, na mahali hapo ni kasha la sampuli. Mwamba hutoka ardhini kama mche wa mviringo, wenye kipenyo cha milimita 47.6 kwa mabomba ya NQ. Msaidizi huupanga kwenye kasha kwa mfuatano, kisha huweka kibao kilichoandikwa kina ulikotoka. Mjiolojia atakayeusoma mwamba huo asubuhi mara nyingi hakuwapo. Kibao kikikosewa kwa mita tatu, mshipa wa dhahabu unahamia kwenye ramani mahali usipokuwapo. Kasha likianguka gizani na vipande vikachanganyika, msaidizi ana njia mbili: aseme, au avirudishe kwa kubahatisha na anyamaze. Akinyamaza, huenda asijulikane kamwe. Ujuzi wa kampuni nzima juu ya ardhi ile, pamoja na fedha zitakazofuata, umekalia dhamira ya mtu anayelipwa kidogo kuliko wote.

Hapa ndipo desturi ya kupima uaminifu kwa kutazama chini inapoonyesha upungufu wake. Katikati ya miaka ya 1990 kampuni ya Bre-X ya Calgary, Kanada, ilitangaza hazina kubwa mno ya dhahabu huko Busang, Indonesia. Thamani yake sokoni ilipanda hadi kupita dola bilioni 6 za Kanada. Machi 1997 kampuni ya Freeport-McMoRan, iliyokuja kuhakiki, ilichoronga mashimo yake karibu na yale ya awali ikakuta dhahabu kidogo isiyo na maana. Mei mwaka huohuo wakaguzi wa Strathcona walithibitisha kwamba sampuli zilikuwa zimetiwa dhahabu ya nje. Kawaida ya kazi ni kuupasua mwamba kwa urefu na kuhifadhi nusu yake kwa ajili ya ukaguzi. Busang karibu mwamba wote ulisagwa, kukabaki kidogo sana cha kulinganisha. Utaratibu kama huo hauamuliwi na mbeba mabomba. Amana ilivunjwa ngazi za juu, mahali ambapo hakuna aliyekuwa ameuliza kama waliopo ni waaminifu.

Vipi kuhusu undugu? Suala hili linastahili kusikilizwa kwa haki, maana anayempa nafasi mtoto wa dada yake hafanyi hivyo kwa ubaya kila mara. Ukoo ni dhamana. Kijana ambaye mama yake anajulikana atafikiri mara mbili kabla ya kuuza dizeli ya mtambo. Tena kuna deni: huenda ni dada huyohuyo aliyeuza mbuzi ili kaka yake asome. Waswahili wamesema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, na wengi wameishi wakaona ukweli wake.

Kwenye mtambo, lakini, methali hiyo inakutana na jambo lisilozoeleka. Waya wa kuvutia ukikatika, au bomba likiponyoka, anayeweza kufa nawe ni yule uliyesimama naye, awe mzaliwa nawe au mtu wa kabila usilolijua. Anayemweka mpwa asiyefaa hapo ametumia usalama wa wengine kulipa deni lake mwenyewe. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, Mtume Muhammad alikutaja kuwapa jambo wasiostahili kuwa ndiko kupotea kwa amana. Aristotle naye, katika maandishi yake ya siasa, alitoa hoja kwamba filimbi bora apewe mpigaji bora, hata kama mwingine ana nasaba au sura nzuri zaidi. Deni la kaka kwa dada yake ni la kweli, ila lilipwe kutoka mfuko wake.

Sasa turudi Madyan. Wanaoitaja aya ya 26 ya Al-Qasas kwenye semina za kazi na hotuba za Ijumaa mara nyingi huishia hapo, kwenye sifa za mwajiriwa. Aya inayofuata inamhusu mwajiri. Mzee anataja muda wa mkataba, miaka minane, na kama Musa atatimiza kumi itakuwa kwa hiari yake. Anaeleza malipo yatakavyokuwa: ndoa ya mmoja wa mabinti zake. Kisha anaahidi kwamba hakusudii kumtaabisha, na kwamba Musa atamkuta miongoni mwa watu wema. Musa anajibu kwa kuweka wazi kwamba muda wowote atakaoumaliza kati ya miwili asidhulumiwe, na Mungu anafanywa shahidi wao. Binti amempima mfanyakazi. Baba, kwa hiari yake, amejiweka kwenye mizani ileile mbele ya mtu asiye na pa kwenda.

Sehemu hii ya pili ikiachwa, sifa ya nguvu hugeuka kuwa njia ya kumtumia mtu hadi aishe. Ushahidi upo Hawks Nest, katika jimbo la West Virginia nchini Marekani. Kuanzia mwaka 1930, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, kampuni tanzu ya Union Carbide ilichimbisha handaki la kilomita tano hivi kupitia mlima wa Gauley. Maelfu ya watu waliajiriwa, wengi wao Weusi waliosafiri kutoka majimbo ya Kusini kutafuta kazi, wakawekwa kuwa wachorongaji na wasaidizi wao. Mwamba ulikuwa na silika nyingi mno. Kuchoronga kwa maji kungelituliza vumbi. Kuchoronga kukavu kulikuwa kwa haraka zaidi, na ndiko kulikotumika kwa sehemu kubwa. Ushahidi uliotolewa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani mwaka 1936 ulieleza jinsi wafanyakazi walivyokosa vifaa vya kupumulia. Vumbi la silika huyatia mapafu makovu yasiyopona. Mtafiti Martin Cherniack, katika kitabu chake cha mwaka 1986, alikadiria kuwa watu 764 walikufa.

Watu wale walikuwa na nguvu. Ndiyo maana waliajiriwa. Walikuwa waaminifu pia, waliingia ndani ya mlima kila zamu. Immanuel Kant alifundisha kwamba binadamu asifanywe kamwe kuwa chombo tu cha kufikia lengo la mwingine, na katika lugha ya Afrika Mashariki jambo hilo huitwa utu. Pale Hawks Nest mwajiri alijua kuhusu mwamba yale ambayo msaidizi hakuyajua, akanyamaza. Ukimya huo ni hiana ya aina ileile na ya msaidizi anayeficha kasha lililoanguka, isipokuwa gharama yake ilikuwa uhai.

Tanzania imeandika sehemu ya wajibu huu katika sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri mgodini mtu wa chini ya miaka 18. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inadai wafanyakazi wapimwe afya. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, huchangiwa na mwajiri peke yake. Lakini kijana aliyesimama getini tangu alfajiri hataomba kuonyeshwa namba ya usajili wa mfuko huo, wala hatauliza kama vumbi la mtambo linamwagiwa maji. Anaogopa aliye nyuma yake atapewa nafasi. Kwa hiyo mwenye kuajiri anapaswa kuyasema hayo kabla hajaulizwa: mshahara kiasi gani na lini, hatari zipi, nani atalipa mkono ukiumia, na kwamba kusimamisha mtambo kwa sababu ya usalama hakumfukuzishi mtu kazi.

Wanabaki wale ambao hawakuchaguliwa. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 20, mwenye shamba la mizabibu anatoka mwenyewe mara tano kutafuta vibarua, alfajiri, saa tatu, saa sita, saa tisa na saa kumi na moja. Anapowauliza wa mwisho kwa nini wamekaa bure mchana kutwa, wanajibu kuwa hakuna aliyewaajiri. Kisha anawalipa dinari moja kama waliochomwa na jua siku nzima. Mahubiri mengi huishia kwenye neema ya Mungu, na ndiyo maana kuu ya mfano ule. Lakini unaonyesha pia kwamba kukosa kazi si kosa la aliyekosa, na kwamba mwenye shamba aliwaona watu hao na kuwauliza habari zao.

Mtambo mmoja hauwezi kuchukua kila aliye getini, na kiongozi wa zamu hana dinari ya kumpa kila mtu. Bado ana mambo yaliyo ndani ya uwezo wake. Anaweza kutoka mwenyewe badala ya kumtuma mlinzi awatawanye, kumweleza kila mmoja sababu iliyomfanya asichaguliwe, kuorodhesha majina kwa ajili ya nafasi ijayo na kuifuata orodha hiyo siku mjomba wa mtu atakapopiga simu.