Gorogoro Haijui Kilo

Katika mtaa wa Mukuru kwa Reuben, Nairobi, palikuwa na mama mmoja mwenye kibanda cha chakula. Wateja wake walikuwa vibarua wa viwanda vya Industrial Area, na mchana walikuta ugali na sukuma tayari. Mkono wake ulikuwa mzuri, na kwa sufuria zake ndogo hakuhitaji mizani wala karatasi.

Siku moja chama cha kina mama kikampa kazi ya kupikia wageni 60. Wakamletea orodha: sukuma iliyokatwa kilo 12, karoti kilo 6, chumvi vijiko 7. Mama akachukua gorogoro, lile kopo la mafuta ya kupikia ambalo watu hupimia mahindi. Limeandikwa kilo 2, basi kilo 12 ni gorogoro sita, kilo 6 ni tatu. Mboga zilipoingia sufuriani, jicho lake lilimwambia ni chache. Akalipuuza, akaamini kopo.

Sukuma ikanywea motoni. Chumvi ya kilo 18 za mboga iliingia yote katika mboga zisizofika hata kilo 10. Sufuria iliisha foleni ikiwa bado ndefu, na waliopata walirudisha sahani kwa ukali wa chumvi. Mama akadaiwa pesa za chama.

Jioni alibeba kopo lake hadi kwa jirani mwenye bucha. Wakapima kopo tupu kwanza, wakatoa uzito wake. Mahindi makavu yalikaribia kilo 2. Karoti zilizokatwa vipande zilikuwa kilo moja na robo hivi. Sukuma iliyokatwa nyembamba haikufika hata kilo moja.

"Mama," mwenye bucha akamwambia, "gorogoro haijui kilo. Inajua kujaa tu."

Alisema kweli. Kopo hupima nafasi, mizani hupima uzito. Kati ya jani na jani kuna hewa, na hewa haimshibishi mtu. Kikombe cha mililita 250 hubeba gramu 250 za maji, lakini viazi vilivyokatwa vipande ni karibu gramu 150, na kabichi iliyokatwa nyembamba karibu gramu 75 tu. Ukishindilia, kikombe kilekile kinabeba zaidi. Wakulima wa viazi wameumia miaka mingi kwa jambo hilohilo: lumbesa, gunia linaloshonewa nyongeza juu, huuzwa kwa bei ya gunia moja. Ndiyo maana kanuni za viazi za Kenya za mwaka wa 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia.

Mpishi mwenzangu, usisubiri aibu ikufunze. Azima mizani siku moja tu. Pima kopo lako tupu, kisha lijaze kila mboga unayopika, ikiwa imekatwa vile unavyoikata siku zote na kujazwa bila kushindiliwa. Toa uzito wa kopo, andika jibu kwenye daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Orodha ya kilo ikija, igawanye kwa hesabu yako mwenyewe. Gorogoro yako ikibeba gramu 600 za sukuma, basi kilo 12 ni gorogoro 20, si sita.