Spea Iko kwa Nani?

Mwezi uliopita gari la umeme lilipata pancha karibu na kibanda changu hapa Kakuma. Pancha kwetu si habari. Mwiba wa mathenge hauchagui kati ya baiskeli ya mkimbizi na gari la shirika. Lakini safari hii haukuwa mwiba. Jiwe lilikuwa limepasua ubavu wa tairi, na ubavu hauzibiki.

"Lete spea," nikamwambia dereva.

"Haina spea, fundi."

Nilidhani imeibiwa. Kumbe imetoka kiwandani hivyo. Kwenye buti kulikuwa na chupa ya dawa ya kuziba na pampu ndogo. Dawa hiyo inasaidia tundu la msumari, si mpasuko. Magari mengi ya umeme yanauzwa hivi, na ya petroli pia siku hizi. Betri imelala chini ya sakafu, yenyewe inaweza kuzidi kilo 300, kwa hiyo watengenezaji wanatafuta pa kupunguza uzito. Spea inaachwa.

Nikasukuma jeki chini ya tumbo la gari. Dereva akapiga kelele: hapo ni betri! Jeki ina sehemu zake pembeni. Miaka tisa ya ufundi, nikasimama kama mwanafunzi. Kuvuta kwa kamba nako akakataa, maana magurudumu yakizunguka yanazungusha mota, nayo inazalisha umeme na inaweza kuharibika.

Ikabaki kutafuta tairi Lodwar, zaidi ya kilomita 100. "Si uende wewe, unajua tairi," akasema. Hakuwa na ubaya. Hakujua tu kwamba mimi kutoka kambini nahitaji kibali, na kibali hakipatikani saa kumi na moja jioni. Tukamtuma kijana wa boda, mwenyeji. Atarudi kesho.

Nilikasirika, nikiri. Mtu anaacha spea ili gari liwe jepesi, akihesabu kwamba popote atakapokwama hatakosa mtu. Na mtu mwenyewe ni mimi, ambaye hata Lodwar siwezi kwenda bila karatasi. Ni haki hiyo?

Usiku mke wangu akaniuliza: "Sisi tulipotoka Uvira, tulibeba spea gani?" Mtoto na sufuria. Tulihesabu kwamba mbele kuna watu, na kweli walikuwepo. Hakuna aliyetuita wazembe. Sawa, lakini sisi hatukuchagua. Dereva, au bosi wake, alichagua.

Bado sioni kama kuchagua kunamwondolea mtu haki ya kusaidiwa. Aliyekwama amekwama. Ninachotaka ni ajue kwamba ule uzito haukupotea, kuna mtu anaubeba. Hata miradi mingine inakuja kambini hivyo hivyo, bajeti nyepesi, halafu tunaambiwa jamii itajitolea. Tunajitolea, ndiyo. Ila mwanzoni hakuna aliyetuuliza kama tuna nafasi ya kubeba.

Dereva alikula ugali kwetu, akalala ndani ya gari. Kesho yake saa sita tairi likafika, nikalifunga. Nikamdai shilingi 200.

"Mbona kidogo? Umekesha na mimi."

Nikamwambia hiyo ni ya kufunga tairi. Ya kukesha sijaipangia bei.