Ushahidi wa Nusu: Katika Khabari ya Arius, Padiri wa Iskandaria

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Amma baad.

Ndugu mmoja ameniuliza suala hili: Jee, mtu akinakili maneno ya kweli, yasiyo hata neno moja la kuzuliwa, aweza kuwa ameshuhudia uwongo? Nami najibu kuwa aweza, na mfano wake umo vinywani mwetu kila tujadilianapo na Manasara. Mfano huo ni jina la Arius.

Arius alikuwa padiri wa Iskandaria katika nchi ya Misri, zaidi ya miaka mia mbili kabla ya kuzaliwa Mtume wetu (s.a.w.). Aliteta na askofu wake, Alexander, katika jambo la Nabii Isa alayhi ssalaam. Askofu alisema kuwa Mwana yuko tangu milele pamoja na Baba. Arius akasema sivyo, Mwana ameumbwa, na kabla ya kuumbwa hakuwako. Fitina ikaenea hata Constantine, mfalme wa Rumi, akawakusanya maaskofu katika mji wa Nicaea mwaka 325. Wakapitisha neno la Kiyunani, homoousios, maana yake kuwa Mwana ni wa dhati moja na Baba. Arius akakataa, na maaskofu wawili wa pande za Libya, Secundus na Theonas, wakakataa pamoja naye, wote wakahamishwa. Mfalme akaamrisha vitabu vya Arius vichomwe, na atakayevificha auawe. Baadaye mfalme yule yule akamrejeza, na Arius akafa Constantinople mwaka 336.

Basi sisi humdaka hapo. Husema: Tazameni, huyu alikuwa muwahhidi kama sisi, wakamnyamazisha kwa nguvu za dola! Wengine huzidisha kuwa huko Nicaea ndiko zilikochaguliwa Injili nne, nyinginezo zikatupwa. Hili la pili silipitishi kabisa. Kanuni za mkutano ule ni 20, zingalipo na zasomeka, wala hamna ndani yake orodha ya vitabu.

Ama la kwanza, lina asili katika vitabu vyetu, na kwa hiyo lina khatari zaidi. Ibn Hazm, aliyekufa mwaka 1064, amemtaja Arius katika kitabu chake cha Al-Fisal, akasema kuwa kauli yake ilikuwa tauhidi tupu na kuwa Isa ni mja aliyeumbwa. Hapo ndipo wengi wetu hufunga kitabu. Walakini Ibn Hazm hakunyamaza hapo. Katika maneno hayo hayo amesema kuwa kwa Arius, Isa ni neno la Mwenyezi Mungu ambalo kwalo aliziumba mbingu na ardhi. Na barua ya Arius mwenyewe kwa Alexander imebakia, wameihifadhi mahasimu wake, nayo yasema kama hayo: Mungu amemfanya Mwana kabla ya zama zote, kisha akaumba kila kitu kwa mkono wake, ni kiumbe, lakini si kama viumbe wengine.

Jee, hii ndiyo itikadi yetu? Nani miongoni mwetu asemaye kuwa mwana wa Maryamu aliyeumbwa kwa amri ya Mola wake ndiye aliyepitishiwa uumbaji wa mbingu? Na wafuasi wa Arius hawakuacha kumwabudu huyo waliyemwita kiumbe. Athanasius, hasimu wao mkubwa, aliwakabili kwa hilo hilo: mwasema kaumbwa, kisha mwamsujudia? Ni taabu kwangu kuyaandika, lakini ila ile aliiona vizuri. Dawa aliyoitoa ndiyo mbaya kuliko ugonjwa.

Sasa turejee kwenye fiqhi, kwani suala letu ni la ushahidi. Mtu akikiri mbele yako kuwa adaiwa na fulani kumi ila tatu, nawe ukaenda kwa kadhi ukasema, Nimemsikia akikiri kumi, basi ametamka kumi kweli, nawe hukuzua neno. Lakini umemtoza tatu asizodaiwa. Ila ile iliyoungana na maneno yake ni sehemu ya kukiri kwake, na aliyeikata amekiri badala yake. Haya huyasoma mwanafunzi katika mlango wa ikrari, kisha akitoka barazani huyasahau.

Atasema mtu: vitani hila huruhusiwa, na mjadala na mapadiri ni vita. Sikubali. Mjadala ni wito, na amwitaye mwenziwe humtaka amsadiki. Huyo akenda akaifungua barua ya Arius akaiona nusu ya pili, atatusadiki wapi tena, hata katika yale tuliyo nayo ya hakika? Na Sura ya Maida imetuamrisha uadilifu hata kwa watu tunaochukiana nao. Arius hata hatumchukii. Tumemgeuza shahidi wetu, naye hawezi kujitetea.

Wako pia waitegemeao barua ya Mtume (s.a.w.) kwa Hirakli, iliyotaja dhambi ya Arisiyyin, wakasema kuwa ndio watu wa Arius. Imam Nawawi, mmoja wa nguzo za madhehebu yetu, ameitaja kauli iliyo karibu na hiyo, lakini kauli aliyoipa nguvu ni kuwa makusudio yake ni wakulima, yaani raia wa mfalme. Na hata kauli ile ikikubaliwa, hamna ndani yake sifa ya itikadi yao.

Kitubakiacho si kidogo. Ni kweli thabiti kuwa miaka mia tatu baada ya Nabii Isa Manasara walikuwa wakigombana yeye ni nani, kuwa neno walilolichagua halimo katika Injili zao, na kuwa aliyewakusanya ni mfalme, ambaye wakati huo mwenyewe hajabatizwa. Haya yatosha kumfikirisha mwenye akili. Ama Arius, yeye ni katika waliotangulia kabla ya kufikiwa na ujumbe wa Mtume wetu, na hukumu yake ni kwa Mola wake.

Nami nimeyasema haya kwa kuwa miaka mingi katika darsa nilimwita Arius muwahhidi, nikisoma nusu ya maneno ya Ibn Hazm. Mwanafunzi wangu mmoja, mdogo kuliko wote, aliniletea kitabu akaweka kidole kwenye mstari unaofuata. Niliona haya, nikarejea kauli yangu mbele ya waliokuwako usiku ule. Waliokuwako kabla yao na wametawanyika, hii ndiyo njia niliyonayo ya kuwafikia.